Miklouho-Maclay: mchunguzi wa samaki papa aliyejenga kituo kwa michango, jeshi likakichukua

Kwenye ufuko mdogo wa Camp Cove, mtaani Watsons Bay, pale ambapo bandari ya Sydney inafungukia bahari kubwa, kuna nyumba ya mbao ambayo mpita njia anaweza kuidhania nyumba ya kawaida ya familia. Ilijengwa mwaka wa 1881. Waliotoa pesa walitaka wachunguzi wa viumbe vya bahari, wakiwemo wachunguzi wa samaki papa, wapate meza, dirisha lenye mwanga na utulivu wa kufanya kazi. Kilikuwa kituo cha kwanza cha utafiti wa bahari katika nusu ya kusini ya dunia, na kilisimama kwa sababu watu walikubali kuchanga.

Aliyeomba michango hiyo alikuwa Mrusi asiye na mali, mwenye kuugua homa mara kwa mara na mwenye madeni katika bandari zaidi ya moja. Jina lake Nikolai Miklouho-Maclay. Wengi wanamkumbuka kwa maisha yake kati ya watu wa New Guinea na kwa kupinga ubaguzi wa rangi wakati wasomi wengi wa Ulaya walikuwa wakiuhubiri. Wachache wanakumbuka kwamba alianza kazi kwa kumchunguza samaki papa, yule samaki wa bahari ambaye wengi mashariki mwa Kongo wanamfahamu zaidi kwa jina la Kifaransa, requin. Na wachache zaidi wanajua yaliyoipata nyumba aliyoijenga kwa pesa za watu.

Mtoto wa injinia wa reli

Miklouho-Maclay alizaliwa tarehe 17 Julai 1846 katika kijiji kimoja cha jimbo la Novgorod, nchini Urusi. Baba yake alikuwa injinia kwenye reli inayounganisha Saint Petersburg na Moscow. Alifariki mwaka wa 1857, Nikolai akiwa mtoto wa miaka 11 tu, na mama akabaki na watoto na pesa kidogo.

Shida ilimfuata hadi masomoni. Mwaka wa 1864 alifukuzwa katika Chuo Kikuu cha Saint Petersburg kwa kujihusisha na machafuko ya wanafunzi, na mlango wa vyuo vikuu vingine vya Urusi ukafungwa pia. Ikamlazimu kwenda Ujerumani. Alisoma Heidelberg, kisha Leipzig, mwishowe Jena, ambako alifuata masomo ya uganga.

Jena ndiko maisha yake yalikochukua njia nyingine. Hapo alikutana na profesa Ernst Haeckel, mmoja wa watetezi wakubwa wa mawazo ya Charles Darwin katika nchi za Kijerumani. Haeckel alimchukua kama msaidizi, na mwaka wa 1866 wakasafiri pamoja hadi visiwa vya Canary, upande wa magharibi wa Afrika. Kijana huyo wa miaka 20 alikaa huko akipasua samaki na kuchora alichokiona. Mwaka uliofuata alichapisha makala kuhusu viungo vya ndani vya samaki papa. Mwaka wa 1870 akatoa kwa Kijerumani kitabu kuhusu ubongo wa wanyama wenye uti wa mgongo, na samaki papa alikuwa na nafasi kubwa ndani yake.

Kwa nini samaki papa? Wachunguzi wa wakati huo walimwona kama mlango wa kuelewa asili ya wanyama wengine. Mifupa yake si mifupa kamili, ni gegedu, kitu laini kama kile kilicho katika sikio la mtu. Ukoo wake ni wa kale sana. Walitumaini kwamba, wakiuelewa ubongo wake, wataona jinsi ubongo wa wanyama waliokuja baadaye ulivyojengeka, hata ule wa binadamu.

Lakini kulikuwa na kizuizi ambacho kila mama anayeuza samaki kando ya ziwa anakijua vizuri. Samaki hasubiri. Akitolewa majini na jua likampiga, anaanza kuharibika, na ubongo, kwa kuwa ni laini, huharibika upesi. Profesa aliyekaa katika mji ulio mbali na bahari alipokea samaki aliyelala wiki kadhaa ndani ya chupa ya pombe kali, rangi imepotea na viungo vimekunjamana. Aliyetaka kuuona ubongo kama ulivyo alipaswa kukaa pwani, karibu na wavuvi, akiwa na meza na vyombo tayari.

Wazo la Messina

Kati ya mwaka wa 1868 na 1869, Miklouho-Maclay alikuwa Messina, kisiwani Sicilia, pamoja na Mjerumani mwenzake wa kazi, Anton Dohrn. Walikodi mahali, wakaweka vyombo vyao, wakaanza kuchunguza viumbe vya bahari. Hapo waliona kwamba kila mtafiti anayefika pwani anaanza upya. Anatafuta chumba, anatafuta mvuvi, ananunua vyombo. Anapoanza kazi vizuri, pesa na likizo vinakwisha, na anayemfuata anarudia taabu ile ile.

Wazo lililotoka hapo lilikuwa rahisi. Pawe na nyumba za kudumu kwenye pwani mbalimbali za dunia, ambako mtafiti kutoka nchi yoyote atafika, atakuta meza, na atafanya kazi siku ile ile. Marafiki hao wawili waliachana wakiwa na wazo moja, ila kila mmoja alilibeba kwa njia yake.

Dohrn alikaa mahali pamoja. Alichagua Napoli, akapata ardhi ya mji kando ya bahari, na ujenzi ukaanza mwaka wa 1872. Alitumia mali ya ukoo wake, akakopa, akaomba. Darwin mwenyewe alikuwa kati ya waliomsaidia. Lakini hakutegemea moyo wa watu peke yake. Chini ya nyumba aliweka hifadhi ya samaki hai ambayo wakaaji na watalii waliilipia kiingilio. Juu aliweka meza za kazi, na serikali na vyuo vikuu vya nchi mbalimbali vilizikodi kwa mwaka. Mwaka wa 1874 Mwingereza Francis Balfour alikuwa Napoli akichunguza jinsi kijusi cha samaki papa kinavyokua, kazi iliyokuja kuwa msingi wa elimu hiyo.

Miklouho-Maclay hakuwa mtu wa kukaa. Mwaka wa 1869 alizunguka pwani za Bahari ya Shamu akiwa amevaa mavazi ya Kiarabu ili asitambulike, akichunguza viumbe vya baharini. Aliporudi Urusi mwaka huo huo, alisimama mbele ya mkutano wa wanasayansi mjini Moscow na kuomba nchi yake ijenge vituo kwenye bahari zake. Mkutano ulilikubali wazo hilo, na kituo cha Sevastopol, kwenye Bahari Nyeusi, kilianzishwa mwaka wa 1871. Yeye hakukisubiri. Alikuwa tayari njiani kuelekea Bahari ya Pasifiki.

Miezi 15 kati ya watu wa New Guinea

Tarehe 20 Septemba 1871, meli ya kivita ya Urusi iitwayo Vityaz ilimshusha kwenye ghuba ya Astrolabe, kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha New Guinea. Alikuwa na wasaidizi wawili tu, baharia mmoja wa Uswidi na kijana mmoja wa visiwa vya Pasifiki. Kijana huyo alifariki kabla mwaka haujaisha. Malaria iliwapiga wote.

Wenyeji wa vijiji vya karibu hawakuwa wameishi na mzungu kabla ya hapo. Mwanzoni walimlenga mishale. Yeye aliingia kijijini bila bunduki, na inasimuliwa kwamba siku moja alitandika mkeka kati yao akalala usingizi. Polepole walimzoea. Alijifunza lugha yao, akawatibu wagonjwa, akawaletea mbegu za mboga na matunda ambayo hawakuyajua. Meli ya kumchukua ilifika Desemba 1872, baada ya miezi 15, wakati huko Ulaya baadhi ya watu walikuwa wameshaamini kwamba amekufa.

Alichokiona huko kilibadilisha uzito wa kazi yake yote. Vitabu vya wakati huo vilidai kwamba nywele za Wapapua zinaota kwa mafungu, kama vile wao ni aina nyingine ya viumbe. Alizichunguza nywele hizo kichwani mwa watu na kukuta kwamba zinaota kama za mtu mwingine yeyote. Alitumia macho yale yale aliyoyazoesha kwenye ubongo wa samaki. Hitimisho lake lilikuwa kwamba binadamu wote ni jamii moja, na tofauti zao hazimpi yeyote haki ya kumtawala mwingine.

Kuanzia hapo alizunguka miaka mingi: visiwa vya Wadachi, rasi ya Malaya, tena New Guinea kuanzia mwaka wa 1876 hadi 1877. Kila alikopita aliacha daftari, makreti ya vielelezo na madeni kwa wafanyabiashara. Wazo la kituo halikumtoka. Alitaka kujenga kimoja huko Johor, karibu na Singapore, lakini halikufanikiwa. Alikuwa na wazo na ujuzi, ila hakuwa na mahali wala pesa.

Kuomba mchango Sydney

Julai 1878 alishuka Sydney akiwa amedhoofika kwa ugonjwa. Alikuwa na miaka 32. Mji huo, makao makuu ya koloni la Kiingereza la New South Wales, ulikuwa na shirika changa la wachunguzi wa viumbe, Linnean Society of New South Wales, lililoanzishwa mwaka wa 1874. Rais wake wa kwanza, William John Macleay, alikuwa tajiri wa mashamba, mwanasiasa na mkusanyaji mkubwa wa wadudu na samaki. Majina ya Maclay na Macleay yanakaribiana, lakini wawili hao hawakuwa na undugu. Tajiri huyo alimpokea mgeni nyumbani kwake na kumfungulia makusanyo yake.

Mwezi mmoja hivi baada ya kufika, Miklouho-Maclay alisimama mbele ya shirika hilo na kutoa ombi lake. Hoja yake iligusa fahari ya wenyeji. Bahari ya Australia ilijaa viumbe visivyopatikana kwingine, lakini ili vichunguzwe vilifungwa katika chupa na kupelekwa Ulaya, safari ya wiki nyingi. Wenye bahari walibaki wakingoja kusoma habari za samaki wao katika vitabu vilivyoandikwa mbali. Nyumba moja ndogo kando ya maji ingegeuza mambo hayo.

Watu walikubali, lakini kukubali na kutoa ni mambo mawili. Kamati iliundwa. Serikali ya koloni ilitoa kiwanja Watsons Bay na kuahidi kuongezea pesa juu ya zile ambazo watu wangechanga. Mashirika ya elimu yalitoa sehemu yao, watu binafsi wakatoa yao. Haikuwa pesa ya tajiri mmoja. Ilikuwa mchango wa wengi, kila mtu kwa uwezo wake, kama watu wanavyochanga kwa ajili ya kituo cha afya cha kijiji.

Mwombaji mwenyewe hakuwa na kitu. Miaka hiyo magazeti ya Urusi yaliandika kuhusu madeni yake, na wasomaji ambao hawakuwahi kumwona walichanga ili kumtoa katika aibu hiyo. Mtu aliyekuwa anaomba kwa ajili ya sayansi alikuwa anaishi naye kwa kuombewa.

Mwaka wa 1879 aliondoka tena kuzunguka visiwa vya Melanesia, na aliporudi Sydney kituo kilikuwa bado kwenye karatasi. Mwaka wa 1881 alisukuma kazi hadi ikaanza. Mchoro ulifanywa na mjenzi John Kirkpatrick. Nyumba ilijengwa kwa mbao, bila mapambo, ikiwa na vyumba vya kazi na vya kulala vilivyotengwa ili mtafiti mmoja asimsumbue mwingine. Kwa Miklouho-Maclay utulivu ulikuwa kifaa cha kazi kama vile kisu na mikroskopu. Mwaka huo huo alihamia ndani.

Samaki wa bandari yenyewe

Hapakuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta samaki papa. Katika maji ya bandari hiyo anaishi mmoja ambaye jina lake linatokana na bandari yenyewe, samaki papa wa Port Jackson. Hana ukali wa wale wanaosimuliwa katika hadithi za kutisha. Kichwa chake ni kinene, juu ya macho ana matuta, na mbele ya kila pezi la mgongoni ana mwiba. Meno yake ya mbele ni madogo na makali, ya nyuma ni mapana kama mawe ya kusagia, kwa ajili ya kuvunja maganda ya konokono na viumbe vingine vya chini. Yai lake lina umbo la parafujo, na linajikaza katikati ya mawe ili mawimbi yasilichukue.

Kwa mchunguzi wa asili ya wanyama, samaki huyo alikuwa hazina, maana meno ya ukoo wake yamepatikana ndani ya mawe ya kale sana. Miklouho-Maclay na William Macleay waliandika pamoja mfululizo wa makala kuhusu samaki papa na jamaa zao wa Bahari ya Pasifiki, zilizotoka katika jarida la Linnean Society kwa sehemu tatu, ya kwanza katika mwaka wao wa kwanza pamoja na ya mwisho mwaka wa 1886. Katika sehemu iliyotoka mwaka wa 1884 walimtambulisha kwa sayansi samaki papa wa pwani za Japani, Heterodontus japonicus. Hadi leo, popote jina hilo linapoandikwa kikamilifu, majina ya Mrusi huyo maskini na tajiri aliyempokea yanafuata nyuma yake.

Mwaka wa 1882 alikwenda Urusi. Alipokelewa kama shujaa, na Tsar Alexander wa Tatu alikubali kumlipia madeni. Alirudi Sydney mwaka uliofuata. Tarehe 27 Februari 1884 alimwoa Margaret, mjane kijana, binti wa Sir John Robertson, mwanasiasa aliyewahi kuwa waziri mkuu wa koloni hilo mara kadhaa. Familia ya Robertson iliishi Watsons Bay, jirani na kituo. Wana wawili walizaliwa, wa kwanza mwishoni mwa 1884, wa pili mwishoni mwa 1885. Kwa mara ya kwanza mtu huyo wa safari alikuwa na mke, watoto na meza ya kazi mahali pamoja.

Askari jeshi wanahamia

Utulivu huo haukudumu. Novemba 1884 Ujerumani ilipandisha bendera yake kaskazini-mashariki mwa New Guinea, kwenye pwani ile ile aliyoishi. Alikuwa ameshawaandikia viongozi wa Uingereza mara nyingi, akidai haki za wenyeji na kulaani meli zilizokuwa zikibeba watu wa visiwani kwa hila au kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Sasa alituma simu ya maandishi kwa Bismarck, kansela wa Ujerumani, kupinga kunyakuliwa kwa nchi hiyo. Haikubadilisha kitu. Majira hayo hayo, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, Bismarck alikuwa mwenyeji wa mkutano wa Berlin, uliomfungulia Mfalme Léopold wa Pili wa Ubelgiji njia ya kuifanya Kongo mali yake. Mpapua wa pwani hiyo na Mkongo wa wakati huo hawakuulizwa.

Pigo la pili lilikuja karibu zaidi na nyumbani. Mwaka wa 1885 Uingereza na Urusi zilikaribia kupigana kwa sababu ya mpaka wa Afghanistan. Hofu ikaingia katika makoloni ya Australia kwamba meli za kivita za Urusi zinaweza kutokea siku yoyote. Watsons Bay iko kwenye mlango wa bandari, karibu na mizinga iliyoulinda mji. Idara ya ulinzi ilihitaji mahali pa kuweka maofisa wake, na nyumba ya watafiti ilikuwa hapo hapo. Ikachukuliwa, ikageuzwa makao ya maofisa wa jeshi.

Kituo kilichoanzishwa na Mrusi kilichukuliwa kwa ajili ya kujilinda dhidi ya Warusi. Meza ziliondoka na watafiti wakatawanyika. Tangu kujengwa kwake ilikuwa imepita miaka mitano hivi tu. Serikali iliyokuwa imetoa kiwanja na kuongezea mchango wa watu ndiyo iliyokirudisha mikononi mwake, na waliochanga hawakuwa na nguvu ya kuizuia.

Napoli na Watsons Bay

Ukilinganisha marafiki wawili wa Messina, tofauti inaonekana wazi. Dohrn alihakikisha kwamba kila mwaka kuna mtu anayelipa: mtalii kwa tiketi yake, serikali ya kigeni kwa meza yake, chuo kikuu kwa mtafiti wake. Kila aliyelipa alikuwa na sababu ya kukitetea kituo. Kama mmoja angejitoa, wengine wangebaki. Kituo cha Napoli kilimzidi mwanzilishi wake, aliyefariki mwaka wa 1909, na hadi leo kinafanya kazi kikiwa na jina lake.

Kile cha Watsons Bay kilipata pesa za kusimamisha kuta. Hakikupata chanzo imara cha pesa za kila mwaka, wala kundi la watu na nchi zilizofungamana nacho kwa mkataba. Kilimtegemea mtu mmoja mwenye moyo mkubwa na mwili dhaifu, ambaye mara kwa mara alikuwa safarini. Jeshi lilipobisha hodi, hapakuwa na serikali ya mbali iliyodai meza yake, wala chuo kilichouliza mtafiti wake ataenda wapi. Michango ilikuwa ya kweli, na waliotoa walitoa kwa nia njema. Ila walichangia nyumba, na baada ya nyumba kukamilika wengi waliona kazi yao imekwisha.

Hilo halimwondolei lawama Miklouho-Maclay mwenyewe. Aliweza kulala usingizi kati ya watu waliomshikia mishale, lakini kukaa ofisini miaka kumi akiandika barua za kuomba pesa za mafuta ya taa, mashua na mshahara wa mlinzi, kama Dohrn alivyofanya, hakukuwa tabia yake.

Mwisho wa safari

Mwaka wa 1886 alirudi Urusi akiwa na makusanyo yake, yakaonyeshwa kwa watu Saint Petersburg. Alipendekeza makazi huru ya Warusi kwenye pwani ya New Guinea, na serikali ikakataa. Mwaka wa 1887 alikwenda Sydney mara ya mwisho kuchukua mke na watoto. Afya yake ilikuwa imekwisha. Alifariki Saint Petersburg tarehe 14 Aprili 1888, akiwa na miaka 41, vitabu alivyokusudia kuandika vikiwa bado ni madaftari. Shajara za safari zake zilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1923.

Margaret alirudi Sydney na wavulana wawili. Serikali ya Tsar iliendelea kumtumia pensheni hadi mapinduzi ya 1917 yalipoikata. Kwa miaka karibu 30, familia ya mtu aliyeishi kwa michango iliendelea kuishi kwa pesa iliyotoka mbali, hadi siku ilipokoma.

Nyumba ya Watsons Bay ilibaki mikononi mwa jeshi kwa zaidi ya karne moja. Leo inatambuliwa kama urithi wa historia na inasimamiwa na taasisi ya umma inayotunza ardhi za zamani za jeshi kando ya bandari hiyo. Katika bandari hiyo hiyo, huko Chowder Bay, Taasisi ya Sayansi ya Bahari ya Sydney inafanya kazi ndani ya majengo ambayo zamani yalikuwa ya jeshi. Vyuo vikuu vinne vimeungana kuiendesha, ili mzigo usiwe wa mmoja.

Kila majira ya baridi, samaki papa wa Port Jackson wanasogea kwenye maji ya kina kifupi kutaga. Baadaye, wakaaji wa Sydney wanaotembea ufukweni wanaokota maganda meusi ya mayai yenye umbo la parafujo, yaliyotupwa na mawimbi.